Barua Isiyo na Tarehe

Tarehe 10 Februari

Shangazi shikamoo,

Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na mkanda wa mashine yako ya kusaga haujakatika tena. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu sana. Bado anatengeneza lifti za watu, na jengo letu bado halina lifti, kwa hiyo kila jioni anapanda ngazi sitini na nne na sanduku lake la vifaa, akinilalamikia utadhani ni mimi niliyezijenga. Mama hajambo pia. Juzi tumeongea kwenye simu, yaani yeye akaongea, mimi nikasikiliza. Unamjua wifi yako.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Shangazi, ile kliniki ya uzazi tulirudi. Hatukumwambia mtu. Nimechomwa sindano za tumbo wiki mbili, wakatoa mayai, wakapandikiza moja mwezi uliopita, na Ijumaa wamenipigia kusema kipimo cha damu kimeonyesha ipo. Leo naingia wiki ya tano. Nimeandika "ipo" na mkono unakataa kuandika lile neno lenyewe, nisamehe.

Nimekuchagua wewe kwa sababu lazima mtu mmoja ajue, la sivyo nitapasuka. Na usikasirike, lakini tangu mashine yako isage simu yako na wewe ukakataa kununua nyingine, najua hutanitangaza. Mara ya kwanza nilimwambia mama asubuhi, kufika mchana mtaa mzima unajua. Ikatoka wiki ya tisa. Mwezi mzima baada ya hapo watu wakawa wanakuja kunipongeza, na mimi ndiye wa kufungua mlango niwaambie hakuna kitu. Mmoja aliniletea beseni la kuogeshea mtoto. Nalitumia kulowekea nguo.

Mume wangu ana furaha mpaka anapiga mluzi bafuni. Kila asubuhi ananiuliza, "Imekaa sawa?" Ndivyo anavyosema akimaliza kufunga lifti. Nami namjibu imekaa. Nitamjibu nini kingine? Nikimwonyesha hofu yangu nitamnyang'anya mluzi wake.

Shangazi, nikuulize kitu ambacho kwetu hakiulizwi. Uliishi na marehemu mumeo miaka kumi na moja. Hukuwahi kubeba? Na kama ulibeba, ulifanyaje siku zikasogea? Mimi yangu ni siku nne tu tangu nijue, na kila moja imekuwa ndefu kuliko wiki.

Wako,
Kijiti

Tarehe 22 Februari

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Barua yako imefika Ijumaa, pembe moja imelowa na jina langu limeandikwa vizuri kuliko mimi mwenyewe ninavyoliandika. Mgongo upo, unauma, lakini ni wangu. Mwambie mkwe wangu kwamba mtu anayetengeneza lifti za wengine na kupanda ngazi kwake ameoa vizuri, maana angekuwa na mke mkali angeshahama.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma mashine imezimwa, ingawa kwa masikio yangu ikizimwa au ikiwaka ni ileile siku hizi. Nimefurahi. Naandika tena, nimefurahi, na wewe ukinikataza shauri lako. Siri yako iko kwangu. Hata nikitaka kuitoa, watu wakija hapa tunaongea kwa mikono: debe moja, madebe mawili, saga laini, saga nusunusu. Hakuna ishara ya jambo lako.

Kula. Lala mchana ukiweza. Ngazi zipande polepole, upumzike kila ghorofa, mtu akikushangaa mwambie unaangalia rangi ya ukuta. Na mumeo mwambie unaogopa. Mtu mzima yule, mluzi wake hautakufa.

Lile swali lako la mwisho nimelisoma. Mkanda umekatika tena Jumamosi, nimeshona kipande cha mpira kwa waya mpaka nipate mpya.

Niandikie tarehe ya kipimo kikubwa.

Shangazi yako

Tarehe 6 Machi

Shangazi shikamoo,

Nimefurahi kujua mkanda umeshonwa. Nimeona pia kwamba nilikuuliza kuhusu wewe nawe ukanijibu kuhusu mkanda. Basi, nimeliacha.

Huku wazima. Mama ameniuliza kwa nini sauti yangu iko chini siku hizi, nikamwambia mafua. Sasa ananitumia dawa za mafua.

Wiki iliyopita walinipima kwa ultrasaundi, tukaona moyo unapiga. Kidoa kidogo kinapwitapwita. Mume wangu alicheka kwa sauti mle chumbani mpaka mpimaji naye akacheka. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde nikisubiri kisimame. Hicho ndicho nilichokiona, shangazi. Wao waliona kinapiga, mimi niliona kinaweza kusimama.

Nikueleze kazini, labda utanielewa. Unajua nipo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, hakuna dirisha. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mashuka kabla hayajaingia kwenye mashine. Unafungua shuka, unalitazama kwenye mwanga, lenye doa unalitenga. Doa la mafuta huku, la chai kule, la damu kwenye beseni la maji baridi, maana maji ya moto huligandisha. Miaka saba nimefanya kazi hiyo bila kufikiria. Mwezi huu kila nikifungua shuka nafumba macho kwanza. Nimemwomba msimamizi anihamishie kwenye kukunja. Aliniuliza sababu, nikasema macho yananiuma. Ananiona mvivu sasa. Na ana haki, maana chooni naenda mara kumi kwa zamu. Naenda kuangalia karatasi, shangazi. Naipeleka kwenye taa, naigeuza huku na huku, jinsi ninavyofanya shuka. Nikiikuta safi napata amani ya dakika ishirini hivi, halafu narudi tena.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mwenzangu wa upande wa pili ni mama wa watoto wanne, na tukikutanisha pembe ananihadithia walichovunja nyumbani. Juzi aliniambia, "Wewe una raha, hujui kelele." Nikacheka. Nikakunja shuka.

Jumanne naingia wiki ya tisa, ile ile ya mara iliyopita. Kipimo kikubwa ni tarehe 31, wiki ya kumi na mbili. Daktari anasema tukivuka hapo hofu inapungua sana. Mume wangu nimeshindwa kumwambia. Nilijaribu Jumapili, akaanza kunionyesha pale atakapoweka kitanda kidogo, amepima kwa futi yake ya kazini na kuchora mstari wa penseli ukutani.

Wako,
Kijiti

Tarehe

Shangazi,

Imetoka.

Najua utataka maelezo. Usiniulize ilikuwaje. Mama hakujua ilipokuja na hana haja ya kujua ilipoondoka. Usije. Sitaki kumfungulia mtu mlango, hata wewe.

Nilikuwa nimeanza kuamini, siku moja au mbili hivi, na hilo ndilo ninalojuta. Ningekuwa sikuamini kabisa nisingeumia hivi.

Asante kwa kunitunzia siri.

Kijiti

Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Pole. Pole sana, mwanangu, pole.

Barua yako imefika jana. Hata tarehe hukuandika, nikajua akili haikuwa kwenye kalamu. Sikuulizi ilikuwaje. Sitakuja, kwa sababu umesema. Lakini kuna jambo uliniuliza mwezi wa pili nikakujibu kuhusu mkanda, na tangu jana najisikia mwoga.

Nilibeba mara tatu. Ya kwanza mume wangu alijua, ikatoka, akaniambia tutapata nyingine, akaenda kazini. Ya pili sikumwambia. Ya tatu sikumwambia hata mimi mwenyewe, ukinielewa. Nilikuwa nikiona siku zimepita najifanya sikuzihesabu. Ilifika wiki ya kumi, au kumi na moja.

Ilitoka nikiwa kazini. Nje kulikuwa na foleni ya watu na madebe yao. Niliingia chumba cha nyuma, nikajifunga kitambaa, na nilipotoka nikasikia kilio kinakuja na siwezi kukizuia. Nikawasha mashine. Haikuwa na hata punje ndani. Unajua mashine ikizunguka tupu inajila yenyewe, fundi yeyote atakugombeza. Mimi niliiacha izunguke, nikasimama karibu yake nikalia kwa sauti yangu yote mpaka mafuta yakaisha, na watu wa nje wakawa wanaambiana leo kuna kazi kubwa.

Baada ya hapo nikazoea. Siku ikiwa mbaya naiwasha tupu. Nilifanya hivyo miaka mingi, hata baada ya kumzika mume. Kila mtu anajua mashine ndiyo iliyoniharibu masikio. Hakuna anayejua kwamba nusu ya kelele ile haikuwa na nafaka.

Umesema unajuta kuamini siku mbili. Kijiti, mimi najuta kinyume chake. Watatu wale sikumfurahia hata mmoja. Nilijizuia nisije nikaumia, na niliumia vilevile, tena mara tatu. Siku zao zilikuwa chache na mimi nikawanyima hata hizo. Wewe wako umempa siku mbili. Usizijutie, tafadhali. Mimi ningekuwa na siku mbili za hivyo ningezitaja kila siku.

Jana nimezima mashine, nikafunga mlango. Kula kidogo, hata uji. Mumeo mshike mkono.

Shangazi yako

Tarehe 2 Aprili

Shangazi wangu, shikamoo,

Keti chini kwanza.

Haijatoka. Ipo. Juzi tarehe 31 nimepimwa, wiki ya kumi na mbili, ina mikono na ilikuwa inarusha miguu. Ipo, shangazi. Nisamehe. Sijui nitakuomba msamaha mara ngapi.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa. Tarehe 11 Machi, kazini, niliona damu kwenye karatasi. Matone tu, lakini mimi nilijua. Nilivua aproni nikarudi nyumbani, mume wangu alikuwa kazini, na kabla ya kwenda kliniki nilikaa mezani nikakuandikia ile barua, kwa sababu nilijua baadaye sitakuwa na nguvu ya kuandika. Tarehe niliiacha wazi, nikasema nitaijaza wakishathibitisha. Niliibandika stempu kabisa. Halafu nikaenda, wakapima, moyo unapiga. Wakasema matone hutokea, nikapumzike.

Mtu mwingine angerudi akaichana. Mimi niliiweka kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Niliona nitaihitaji tu, kama si leo, kesho, na bora iwe tayari. Kilichobaki ni tarehe.

Jioni ile ile mume wangu alikuwa anatafuta betri ya tochi. Akaona bahasha, imeandikwa jina lako, imefungwa, ina stempu. Akadhani nimeshindwa kushuka ngazi kwenda kuiposti na naona haya kumtuma. Akaiposti asiniambie, ili nisihangaike. Ndiyo huruma yake hiyo.

Mimi sikujua. Nilikaa kimya nikisubiri kipimo. Na hata juzi nilipotoka kule na picha mkononi sikukuandikia, nikajiambia ngoja wiki moja tena. Wewe ulikuwa unalia, na mimi nina habari njema mfukoni naionea choyo.

Barua yako niliikuta leo kwenye sanduku la chini, nikaifungua nikipanda. Nilipofika "pole sana" nilikuwa ghorofa ya pili. Utanicheka, lakini niliamini. Nilidhani wewe umejua kitu ambacho mimi sijakijua bado. Nilikimbia ghorofa mbili zilizobaki, mimi ninayezipanda kama kinyonga, nikaingia chooni nikaangalia karatasi. Ilikuwa safi. Nikakaa mle mle nikaisoma yote mpaka mwisho.

Mume wangu aliporudi nilimpa aisome. Akauliza, "Anakupa pole ya nini?" Nikamweleza ile bahasha, ndipo akaniambia kwamba yeye ndiye aliyeiposti. Alikaa kwenye ngazi, nje, na sanduku lake la vifaa magotini. Halafu akaniambia kule ndani ya lifti, juu ambako simu haziruhusiwi, yeye anaifunga yake shingoni kwa kamba tangu Februari, na ikilia tu vifaa vinamtoka mkononi. Nikamuuliza, sasa ule mluzi? Akasema, "Nilidhani ukinisikia nimenyamaza utajua naogopa."

Tumekaa nyumba moja miezi miwili, kila mtu kwenye chumba chake cha hofu, shangazi, na nyumba yenyewe ina chumba kimoja.

Bado naangalia karatasi. Leo mara sita, si kumi. Siwezi kukuahidi kitu. Lakini wale wako watatu nimewasoma, na sitasema sikuwasoma. Naituma hii kwa njia ya haraka, wamesema siku nne.

Niko chini ya miguu yako,
Kijiti

Tarehe 7 Aprili

Wewe mtoto,

Marahaba, na usinisalimie tena kwa wiki moja, nimekukasirikia.

Siku kumi na saba! Siku kumi na saba nimekulilia, sili, nguo zinanivuka. Barua yako ilipofika jana nilikuwa na wageni. Nimeisoma mbele yao, nimepiga ukelele ambao mimi sikuusikia lakini wao waliusikia, mmoja akamwaga chai. Halafu nikacheka. Halafu nikalia tena, na sasa sijui lipi lilikuwa la nini. Mkwe wangu mwambie akija huku nitamvuta masikio, na akimaliza kuvutwa nimkumbatie. Kamba ile shingoni aifupishe, asije akanaswa.

Sasa nikueleze wale wageni walikuwa wanafanya nini kwangu.

Niliposoma ile barua yako niliizima mashine, nikafunga mlango mchana kweupe. Kufika jioni wamekuja watu kuuliza kuna nini, maana mlango ule haujawahi kufungwa hata siku niliyomzika mume. Wakaniandikia kwenye mfuko wa unga: umefiwa? Siri yako nilikuwa nimeapa kuitunza. Na mimi sikutaka tena kujificha kwenye mashine tupu.

Nikaandika chini yake: ndiyo. Wakaandika: nani? Nikaandika: wanangu watatu.

Walitazamana. Walidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nikachukua mfuko mwingine nikawaandika wote watatu, mmoja mmoja, na mwaka wake. Kijiti, hawakuondoka. Wameketi nami zamu kwa zamu mpaka jana. Kuna mmoja, mzee kuliko mimi, aliyekuwa kwenye foleni siku ile ya mashine. Akachukua kalamu akaandika: nilishangaa unga hautoki. Miaka thelathini na minne alikuwa ameshangaa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi usiombe tena msamaha. Ulikosea, na kosa lako limenifikisha mahali ambapo peke yangu nisingefika.

Ile barua sikurudishii. Nilitaka kuichana jana nikashindwa. Nimeisoma tena, na maneno yale yote ni ya kwangu. "Usije. Sitaki kumfungulia mtu mlango." Ni mimi nilipaswa kuyaandika, kwa mtu, mwaka ule, na sikuwa na mtu wa kumwandikia. Pale juu ulipoacha wazi nimeijaza tarehe. Yangu, ya siku ile ya mashine. Imekaa sawa, kama anavyosema mumeo.

Kwa hiyo sasa huna barua ya namna ile kwenye droo, na nakukataza kuandika nyingine. Likitokea la kutokea, utaliandika siku hiyo hiyo na mimi nitakuja, utake usitake, na mlango nitaufungua mimi. Lakini leo halijatokea. Leo uko wiki ya kumi na tatu. Nimehesabu mwenyewe.

Niandikie kila wiki. Usinipe maelezo marefu, una kazi na ngazi. Weka tarehe tu, na chini yake neno moja: ipo.

Mashine nimeiwasha asubuhi hii. Kulikuwa na madebe kumi na manne ya watu yakisubiri, yamejaa mpaka juu.

Shangazi yako